Wasifu wa Mheshimiwa Ekblad

Jumatatu, 8 Oktoba 2007

Mchungaji Fidèle kanipigia simu kabla sijamaliza uji. Wakongomani wa kanisa lake la Fisksätra, nje kidogo ya Stockholm, wanapata mgeni rasmi — mbunge wa Amerika! Wendell Ekblad. Amekuja Uswidi kutafuta shamba la babu yake huko Småland. Na kwa kuwa aliwahi kutembelea kambi za wakimbizi Kigoma, anataka kusali Jumapili ya tarehe 21 na "watu wake". Watu wake!

Mimi niandike wasifu, usomwe mbele yake. Kwa nini mimi, Mhaya wa Farsta, tena Mkatoliki? Mchungaji anasema Kiswahili chao ni cha nyumbani. Mgeni mkubwa lazima apewe kile cha Tanzania. Karibu miaka arobaini nje ya Bukoba, na bado naonekana mwenye lugha. Nimekubali. Nikiombwa kuandika sijui kukataa.

Jumatano, 10 Oktoba

Maktaba ya Medborgarplatsen, mchana kutwa. Nilifanya kazi ya ukutubi mpaka nikastaafu, kutafuta najua. Na Waamerika niwape haki yao: kila kura ya mbunge iko wazi, asome anayetaka.

Ekblad ni mtoto wa muuza matrekta. Akasoma sheria, akawa mwendesha mashtaka — sifa yake ni vijana weusi aliowafunga kwa msokoto mmoja wa bangi. Akaingia Bungeni 1984. Akabadili chama mara tu wapiga kura wake walipoanza kubadilika. Kwenye magazeti ya zamani anasema jambo moja, kwenye mapya kinyume chake, kwa tabasamu lilelile.

1997, Kigoma. Picha: amepiga magoti kwenye tope, kakumbatia mtoto wa kike, machozi yanamtiririka. Picha hiyo imetumika uchaguzi baada ya uchaguzi. Jina la mtoto halipo popote. Nimetafuta.

2002. Anapigia kura muswada wa kupunguza wakimbizi, na ndiye anayesimama kuutetea. Maneno yake: mlango ufungwe. Babu yake alitoka Småland kwa njaa, akashuka melini New York, akaulizwa jina, akapita!

Nilikwenda msalani nikanawa mikono. Upuuzi mtupu. Lakini nilinawa, kwa sabuni.

Ijumaa, 12 Oktoba

Denise amekuja na binti yake Orpha. Denise anahudumia wazee wa Kiswidi majumbani, zamu za jioni. Kwenye kwaya anaimba sauti ya pili.

Shida yake ni mwanawe, Dieumerci. Vita vilipofika Uvira walipotezana. Mtoto akavuka ziwa na shangazi yake mpaka kambi ya Kigoma, mama akatupwa upande mwingine, mwishowe huku. Walipopatana kijana alikuwa mtu mzima, na Uswidi ikakataa asimfuate mama: mtu mzima hahesabiwi mtoto. Amerika walimhoji kambini, wakampima damu na mapafu, wakasema asubiri. Tangu hapo kimya. Na Ekblad yuko kwenye kamati inayoshughulika na wakimbizi.

"Mzee, umusifu," Denise kaniambia. "Umusifu mpaka aone haya ya kutukatalia."

Orpha akajibu kwa Kiswidi, macho kwenye simu yake: huyo mtu hajali, mama. Mama akamwambia afunge kinywa.

Sikumweleza Denise nilichosoma. Nilimwongezea chai.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimejaribu kumsifu. Siwezi! Kila sifa naiandika, naifuta. Kumtukana nako siwezi, kwa ajili ya Denise. Basi nimeandika mambo yaliyotokea, bila sifa wala lawama. Kuzaliwa, shule, kura ya 2002 na maneno yake, wajukuu. Msomaji akienda haraka, hakuna atakayeshtuka. Ndivyo nilivyojidanganya.

Jioni Fidèle kasema karatasi ni ndefu mno, mgeni atasinzia. Amempa Juvénal, kiongozi wa kwaya, aigeuze wimbo. Nikashusha pumzi. Kwenye wimbo wa mgeni yanabaki jina na vigelegele tu.

Jumamosi, 20 Oktoba

Mvua. Nimepiga pasi suti.

Jumapili, 21 Oktoba

Treni ya Saltsjöbanan ilichelewa, nikafika wakati wanamvisha mgeni shati la kitenge. Mrefu, meno mengi, ananukia peremende. Anakumbatia watu bila kuwauliza. Akina mama wakamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, mimi nikawekwa pembeni yake nimtafsirie.

Kwaya ikaingia. Juvénal mbele, ngoma, gitaa.

Ekblad alizaliwa — Ekblad!
Akasoma sheria — Ekblad!
Akapiga kura — mlango ufungwe!
Wakimbizi wasiingie — Ekblad!

Karatasi yangu ile ile!

Mgeni alisikia jina lake. Akainuka! Akapiga makofi, akacheza, nje kabisa ya mdundo. Na kwa desturi, mgeni akifurahi wimbo unarudiwa. Wakarudia.

Denise alikuwa safu ya pili. Hakuhudhuria mazoezi kwa sababu ya zamu, alikuwa akifuata wenzake. Mara ya kwanza aliimba kwa kifua chote. Mara ya pili mdomo ulibaki wazi, sauti haikutoka. Mama mmoja wa mbele akaacha kupiga makofi, kisha wa pili. Fidèle akatazama viatu vyake. Juvénal hakusimamisha ngoma.

Baadaye nilimvuta pembeni. "Papa, ni weye njo uliandika," akanijibu. "Mutu mukubwa tunaimba kazi zake. Ama haikuwa kweli?" Uso mkavu. Mpaka sasa sijui alikusudia au la.

Ekblad akafuta machozi — yale yale ya kwenye picha, nimeyatambua! Akaniuliza wamesema nini. Nikamjibu: wameimba maisha yako. Hapo Denise akaja na picha ya Dieumerci. Nilitafsiri. Mbunge akamshika mikono yote miwili na, kabla ya kusema lolote, akamgeuza taratibu mpaka uso ukaelekea kamera ya msaidizi wake. Kisha akasema: nimwandikie habari za kijana, na maneno ya wimbo kwa Kiingereza, yote bahasha moja. Wimbo atautundika ofisini Washington. Atasoma ndani ya ndege. Msaidizi anapita kwangu Farsta kesho asubuhi kuichukua.

Denise amenifuata nyumbani. Amekaa mezani kwangu sasa, hajavua koti. Nje giza linaingia.

"Nimeimba, mzee. Nimeimba kwa nguvu."

Nimemweleza yote, ya 2002 na ya picha. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

Karatasi ya Dieumerci imekamilika. Tafsiri ya wimbo imefika kwenye kura, hapo imesimama. Anauliza: Kiingereza hakina neno la kufunga mlango ambalo halimuumizi aliyeufunga? Nimemwambia yapo mengi, huyu bwana ameishi kwa maneno hayo.

"Basi weka moja."

Nikashika kalamu.

"Hapana. Ngoja kwanza, mzee."

Nangoja. Naandika humu ili mkono uwe na kazi. Picha ya kijana ameilaza kifudifudi. Midomo ya Denise inatembea bila sauti — anaurudia ule mstari wa mlango, tangu mwanzo —