Mama mkwe, jogoo na vioo vya gari la Mayala

Limi UPO?? Acha hiyo sufuria usome.

Kaka Mayala ndiyo kaingia sasa hivi, kalowa jasho utadhani katoka shimo la dhahabu kule Mwakitolyo.

Alimfuata mama mkwe wake kule Isaka na gari lake. Mama kakaa nyuma na jogoo wake. Jua kali, AC ilishakufa, na vioo vya nyuma havishuki. HAVISHUKI!

Mayala, fundi wetu wa kujitangaza, akapaki pembeni. Akakagua fyuzi, nzima. Kioo chake mwenyewe kinashuka vizuri tu. Akasema "mota imeungua hii", akafungua kava lote la mlango wa nyuma, skrubu akazirundika kwenye kiti.

Mama anajipepea tu na kanga. Si unawajua wale, mambo ya zamani, mkwe na mama mkwe hawasemeshani moja kwa moja.

Huku nyumbani simu ya wifi Asteria ikaita. Ni mama yake! Anapiga kutoka kiti cha nyuma!! "Mayu, mwanangu, mwambie mwenzio aibonyeze tena ile swichi ya mlangoni kwake, ya kuzuia vioo vya nyuma. Aliibonyeza alipoona jogoo wangu, akaogopa ataruka nje."

Kavifunga MWENYEWE Limi. Mwenyewe!

Asteria akampigia Mayala, naye akabonyeza, vioo vya nyuma vikashuka vwiii.

Sasa kurudisha kava, skrubu moja haionekani. Mayala kapiga magoti barabarani, anapapasa vumbi.

Simu ya Asteria ikaita tena.

"Mwambie jogoo kaikalia."