Mkanda wa Yasir Ulibaki Msumarini

Swalha, upo? Yasir karudi kutoka kazini mapema.

Si unajua kazi ya mume wangu hapa Guangzhou, mitambo ya kupimia umeme wa setilaiti. Kabla ya kuigusa lazima avae mkanda wenye waya mkononi, umeme wa mwilini uishie ardhini. Leo kauvua ili atawadhe. Karudi kutoka kuswali, moja kwa moja kaishika plagi ya setilaiti. Mkanda uko msumarini. MSUMARINI, Swalha!

Taa za mtambo zote zikawaka kijani. Lakini anasema kifaa kikipigwa na umeme ule kinaweza kuonekana kizima leo, kikafia angani baada ya miezi sita. Huko nani atapanda na bisibisi?

Bosi Liang kamuuliza, "Mkanda ulivaa?"

Kajibu, "Nilivaa."

Yasir huyu huyu! Maji ya udhu hayajamkauka, anasema nilivaa!

Kesho setilaiti yenyewe wanaifunga kwenye sanduku, isafirishwe. Chakula hagusi, kaukumbatia mkono wake kama wa maiti. Nami naogopa hata kumsemesha.

Ngoja, kasimama nyuma yangu. Anasema nikate intaneti, maana inatumia laini ile ile ya simu, naye anaitaka ampigie bosi.