Mama Olive wa Ruhango

Baba,

Umenichosha. Mwenyezi Mungu akurehemu, lakini umenichosha, na leo nakwambia.

Nani hufa na simu imefungwa kwa namba ya siri anayoijua peke yake? Tulikuzika alasiri ya siku ile ile uliyofariki, mtaa wetu mzima wa Nyakabanda ukaja, lakini wateja wako wa miji midogo, wale uliokuwa ukienda kuwapima nguo kila mwezi, hakuna aliyepata habari. Tungewapigiaje? Mama akanitazama mimi. Kaka naye akanitazama mimi. Basi nikafunga cherehani, nikatia nguo ulizokwisha kushona kwenye begi lako, nikaenda kupeleka habari ya msiba kwa watu nisiowajua.

Nisiowajua mimi. Wao wananijua mpaka aibu. Kule Muhanga, muuza chai wa stendi aliliona begi tu, akauliza kama ndiye mimi Zuhura ninayeogopa mbuzi. Hivi mambo ya mbuzi yalimhusu nini, Baba? Fundi viatu wa jirani yake akataka kujua kama yule mchumba wa Kimironko bado ananisumbua. Nikaketishwa, nikaletewa chai ya maziwa na chapati, na kila nikifungua mdomo anakuja mwingine kunisalimia. Mwishowe niliwaambia nikiwa nimeshapanda gari, kwa haraka, vibaya kabisa. Muuza chai akabaki amesimama na birika mkononi. Sipendi kukumbuka.

Kwa hiyo Ruhango niliapa: nitaingia, nitasalimu, nitasema, nitaondoka. Mama Olive ndiye niliyemwogopa zaidi. Kwake ndiko ulikolala kila safari, ndiye aliyekuchemshia tangawizi kifua kikibana. Mtu kama huyo hapewi habari dirishani mwa gari.

Hata hodi sikumaliza. "Karibu, mwana wanjye, mwanangu, kaa kwanza." Nikasema nina neno. "Neno iko na miguu? Itakimbia? Kaa, kula." Yakaja maziwa ya mgando, nawe unajua huko maziwa hayakataliwi. Yakaja ndizi na maharage, ikaja isombe, kisamvu chao, wakaja majirani kumtazama mtoto wa fundi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza uko wapi. Nikajisemea, watu gani hawa, wanashiba salamu na kusahau mwenzao. Nikala kwa hasira, sahani mbili, mimi ambaye tangu uondoke nilikuwa nameza chai tu.

Gari la mwisho likakaribia, nikaaga. Nilisahau kwamba mgeni haachwi aondoke peke yake, lazima asindikizwe, tena kwa mwendo wa mwenyeji. Mama Olive alibeba begi, akawa anasimama kwa kila mtu tuliyekutana naye, anauliza habari za ng'ombe, za wajukuu, za mvua. Nikaliona gari langu linapita. Hapo nikashindwa. Nikasimama katikati ya njia nikamwambia kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa, "Baba amekufa."

Hakushtuka. Aliweka begi chini polepole. "Nimejua tangu ulishuka peke yako na begi yake. Nikasema, huyu akianza kusema, hatakula. Nikawaambia majirani wasikuulize."

Nilikaa ukingoni mwa barabara nikalia. Siku ya maziko sikulia, nilikuwa natandika mikeka na kuhesabu vikombe. Yeye alikaa kando yangu akalia pia, na wapita njia wakasimama nasi. Usiku nililala kwenye kitanda chako. Gauni ulilomshonea Mama Olive lilimkaa vizuri, ila bega la kushoto ulilikata pana mno.

Bado nimekukasirikia. Mara ngapi nilikuomba tufuatane, ukasema njia inachosha? Kumbe ulikuwa unakwenda kupendwa. Ungenionjesha na mimi mapema, tukiwa wawili.

Jumatatu nakwenda Nyanza, kwa wateja wako wa huko. Mama Olive amesema tutakwenda wote. Nilimwomba asijisumbue, magoti yanamuuma, na mimi ni mtu mzima. Akanijibu kwamba hanisindikizi mimi, anakusindikiza wewe.

Lala salama, Baba. Nakuahidi sitamharakisha.

Mwanao,
Zuhura