Mchawi wa Filamu ya Kwamboka

Sironga, Jumapili usiku

Sauti inakwaruza na mwisho umeharakishwa. Nilimwambia mjukuu wangu Kwamboka waziwazi. Filamu yake ya kutisha ameirekodi kwa simu, bila mfadhili.

Lakini mchawi wake anatisha kweli, kwa sababu hakupakwa rangi yoyote. Ni jirani yetu mjane, Mama Bosibori, amesimama kimya kwenye migomba yake.

"Si hiyo ndiyo nguvu yake, Babu?"

"Ndiyo. Na huku kwetu wazee wamechomwa moto kwa uvumi wa uchawi mdogo kuliko huo."

"Lakini Mama Bosibori mwenyewe alicheka sana!"

Kesho inaonyeshwa Keroka, na Kwamboka hataki kumwondoa jirani yetu humo. Sipendi kumbi za filamu. Nitakwenda, niketi na Mama Bosibori mbele kabisa, wote watuone tukinywa soda kama majirani wa kawaida.

Sijui kama itatosha.