Mvuke wa Mnarani na Pipa la Bibi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo huko nyumbani Rugu, na kwamba kifua cha bibi kimetulia tangu mvua zipungue. Mimi mwili ni mzima. Moyoni nina hasira, na sitakuficha. Naandika barua kwa sababu simu ni ya shangazi, naye husimama karibu ninapozungumza.

Mmeambiwa nimeiaibisha familia. Ilikuwa hivi. Darasa letu la kemia lilipelekwa kwenye kiwanda cha zamani cha kusafisha mafuta, huku Kigamboni. Kilijengwa nchi ikiwa bado changa. Siku hizi hakisafishi tena, yamebaki matangi ya kuhifadhi mafuta yaliyokwisha kusafishwa kwingine. Mzee mmoja aliyefanya kazi pale ujanani alituchorea mnara. Mafuta ghafi yalichemshwa kwenye tanuri, mvuke ukapanda mnarani. Petroli ilitolewa juu, mafuta ya taa na dizeli chini yake, na mazito ya lami yakabaki chini kabisa. Akauliza, "Sasa mvuke unarudije kuwa mafuta?"

Nikanyoosha mkono. "Unapozwa. Bibi yangu alikuwa anapitisha bomba kwenye maji baridi."

"Bibi alikuwa anapika nini?"

"Gongo, mzee. Alichemsha rubisi, ile pombe ya ndizi."

Darasa zima likacheka. "Mnyambo, chupa yetu iko wapi?" wakanitania kwa kabila langu. Mzee naye alicheka, lakini akasema, "Amepatia. Ni kazi ileile."

Mwalimu hakucheka, maana gongo imekatazwa na sheria. Alimwita shangazi. Shangazi akaniambia, "Umemvua mama yangu nguo mbele za watu," kisha akampigia baba. Na baba, bila kuniuliza hata neno moja, akasema muhula ukiisha nirudi nikapalilie migomba.

Mama, hao wawili walisomeshwa na nini? Bibi alifiwa na mume wakiwa wadogo, na kahawa yake haikutosha hata sare. Ni pipa lile la gongo. Leo baba ni mzee wa kanisa na shangazi ana ofisi, basi pipa halikuwahi kuwapo. Wao ndio wanaomwonea bibi aibu, si mimi. Niliulizwa swali la kemia nikalijibu sawasawa. Sitaomba msamaha.

Nataka kusoma kemia hadi mwisho. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linapita mkoani kwetu, na sioni kwa nini wanaolielewa wasiwe watu wa kwetu pia.

Nisalimie dada Evodia na mtoto wake, na Mama Deus jirani anayetusaidia kuanika kahawa.

Bibi simtumii salamu tu. Msomee yeye barua hii, baba akiwa ameketi hapo hapo, kisha umuulize kama nimemwaibisha. Akisema ndiyo, nitafunga sanduku langu mwenyewe. Akisema hapana, baba anipigie, hata shangazi akiwa anasikiliza.

Ni mimi mwanao, bado niko darasani,
Jovitha