Baba Kati ya Kambi Mbili

Koloniestrasse 41, ghorofa ya tatu,
Wedding, Berlin Magharibi.
Jumapili, 6 Disemba 1964.

Mpendwa Shangazi Hedwig,

Shikamoo, Shangazi yangu uliyekimbilia kwenye jua. Nakuandikia nikiwa nimevaa soksi mbili mbili, na ninajua kabisa kwamba wewe huko Blumenau, ng'ambo ya bahari, unajipepea na gazeti. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na yule kasuku, bado anamtukana padri? Mungu akupe nafuu, na kasuku ampe adabu.

Sisi hatujambo. Mke wangu Edeltraut ni mzima, hukohoa tu akitaka nizime sigara. Mimi ndiyo usiniulize, nanawiri. Kibanda changu cha soseji pale kituo cha basi sasa kinajulikana na dunia nzima. Mchuzi wangu wa nyanya na bizari umeonjwa na Wafaransa, Waingereza na Wamarekani. Juzi alikuja jenerali. Edeltraut anasema alikuwa dereva wa jenerali, lakini alikula sahani tatu, na mimi nahesabu cheo kwa sahani.

Kahawa uliyotuma ilifika salama, ahsante sana. Imekwisha. Aliyeimaliza ni kaka yako.

Ndiyo, Shangazi, umesoma sawasawa. Katika barua yako ya Oktoba uliuliza jambo moja ukalipigia mistari miwili chini, kwamba kaka yako Oskar, yaani Baba, atamalizia uzee wake wapi, na kwa nani? Nilichelewa kujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Vuta kiti.

Tangu tarehe mbili mwezi uliopita, wakubwa wa Mashariki wanawaruhusu wastaafu wao kuja huku kwetu wiki nne kwa mwaka. Vijana hapana, kwa sababu kijana akija harudi. Mzee asiporudi, wao wanaokoa pensheni moja. Na sisi wa huku hatuvuki tupendavyo. Tunangoja wakubwa wa pande mbili wapatane, ndipo tupewe kibali cha kwenda siku moja na kurudi siku hiyohiyo.

Basi siku ileile ya kwanza, Baba akaja. Kituoni palikuwa na watu kama sisimizi, kila mmoja na maua, kila mmoja analia. Mimi sikulia, nilikuwa na vumbi la makaa machoni. Baba akashuka na sanduku lake la fundi cherehani, akanitazama juu hadi chini.

"Umenenepa," akasema.

"Nimefanikiwa, Baba."

"Kwa mbele tu. Nyuma suruali inapwaya. Nani kakushonea huu uchafu?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza, Shangazi, baada ya karibu mwaka mzima bila kuonana. Nikajua ni mzima.

Sasa nikwambie siri yangu. Mimi sikumkaribisha Baba kutembea. Nilimkaribisha abaki. Sheria ya kwetu inaruhusu, akisema tu nataka kukaa, anapewa karatasi na pensheni juu yake. Nikampamba kama bibi harusi. Chumba cha uani nikakipaka rangi, nikamwekea redio, blanketi la umeme, na ndizi kila asubuhi. Nikamnunulia koti la sufu. Nikampeleka dukani akapande ngazi zinazopanda zenyewe, akapanda mara nne, mara ya tano mlinzi akaanza kumtazama.

Nilikuwa na sababu zangu. Tangu Mama afariki yuko peke yake kule Köpenick, upande wa Mashariki, chumba cha ghorofa ya nne, anapandisha ndoo za makaa kwa miguu yake. Miaka sabini na sita! Mimi mtoto wake wa kwanza nanawiri huku, yeye anabeba makaa kule. Nilikuwa silali vizuri, na hilo hata Edeltraut sijamwambia. Yeye anadhani ni vitunguu.

Lakini nilimsahau Reinhold. Mdogo wangu unamkumbuka kwa masikio yake. Siku hizi ni mtu wa Chama, fundi katika kiwanda cha nyaya, na anaishi mtaa wa pili kutoka kwa Baba. Tangu Ukuta ujengwe hatujasemezana. Mimi nilisema yeye ni askari jela, yeye alisema mimi ni kibaraka wa mabeberu, tukaachana hapo. Krismasi iliyopita nilipopata kibali cha siku moja kumwona Baba, yeye aliomba zamu kiwandani makusudi.

Wiki ya pili ya Baba kwangu, mlango ukagongwa. Mama Zerbst, jirani wa Baba, naye mstaafu, amekuja kumtembelea binti yake hapo nyuma yetu. Mkononi ana kifurushi kikubwa kuliko yeye. Hakukaa hata kitini.

"Reinhold anakusalimu, Oskar," akamwambia Baba. Halafu akanigeukia. "Wewe hakukusalimu."

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema, mwambie huyo muuza soseji kwamba mzazi si soseji, hanunuliwi."

"Nawe mwambie huyo komredi kwamba mzazi si mali ya umma, hataifishwi."

"Nitamwambia," akasema Mama Zerbst, "lakini nipe soseji moja kwanza, njia ni ndefu."

Ndani ya kifurushi mlikuwa na kofia ya manyoya ya Kirusi, ile inayofunika hata mawazo. Mlikuwa na mkate mtamu wa Krismasi wenye zabibu kavu. Na mlikuwa na barua kwamba Reinhold amempatia Baba nyumba mpya kupitia kamati ya kiwanda, chumba cha chini kabisa, hakuna ngazi, joto linakuja lenyewe kwenye mabomba. Ndoo ya makaa basi! Ilimradi arudi kabla mwezi haujaisha.

Nilipoisoma, Shangazi, nilijisikia kama Marekani siku ile Warusi waliporusha chombo chao angani. Kesho yake nikamnunulia Baba televisheni.

Basi ikawa vita baridi kamili. Mimi natoa, Reinhold anatoa. Mimi glavu za ngozi, yeye viatu vya manyoya kwa posta. Mimi meno mapya ya bandia, yeye tikiti ya mwaka mzima ya mpira, uwanja wa nyumbani. Wakubwa wanashindana nani atatangulia kufika mwezini, sisi tunashindana nani atamvisha Baba soksi. Na Baba? Baba anapokea. Anasema "ahsante" kwa kulia na "ahsante" kwa kushoto. Siku moja nikamuuliza, "Lakini Baba, wewe hasa uko upande gani?"

Akameza ndizi taratibu. "Mimi ni nchi isiyofungamana na upande wowote," akasema. "Tena nchi inayoendelea. Leta na ile keki."

Nikaogopa. Wiki ya tatu inakwisha, mzee hajasema neno. Nikaenda polisi peke yangu, nikachukua fomu ya mtu anayehamia. Unatujua sisi Wajerumani, kitu kisichopigwa muhuri bado hakijatokea, na kilichopigwa muhuri hakuna wa kukibatilisha. Nikaijaza yote kwa mkono wangu, mimi na madarasa yangu saba. Jina, siku ya kuzaliwa, kazi, dini, mpaka jina la bibi yake mzaa mama. Ikabaki sahihi tu. Nikawaza kwamba siku moja ataweka sahihi risiti ya televisheni, nami nitaichomeka hii katikati. Usinikemee, Shangazi. Nimeshakemewa.

Kosa langu lilikuwa kuificha ndani ya koti langu nikasahau kwamba Baba ni fundi cherehani. Miaka hamsini hajaona koti limetundikwa asilipekue mishono! Jumapili tarehe ishirini na mbili, saa kumi, Edeltraut ameandaa kahawa na keki ya tufaha. Baba akaja mezani amevaa koti langu begani, ametengeneza mfuko uliotoboka. Akaketi. Akaweka fomu yangu kando ya sahani. Halafu kando yake akaweka karatasi nyingine.

"Hii ni ya Reinhold," akasema. "Ilikuwa chini ya bitana ya ile kofia. Isome kwa sauti."

Nikasoma. Reinhold ameandika kwa mkono wake: "Mimi, Oskar Pagel, naahidi kwamba sitahamia Magharibi kamwe." Na chini mstari mtupu. Imebaki sahihi tu.

Edeltraut akaanza kucheka hadi akaweka birika la kahawa chini. Mimi uso uliniwaka.

"Miaka mitatu mnatukanana," akasema Baba. "Huyu kibaraka, yule komredi. Nimewapekua nyote wawili, ndani mmeshonwa uzi mmoja."

"Baba, nilitaka tu usibebe makaa."

"Najua. Na yeye vilevile. Sasa nijibu. Wewe unaweza kwenda kwa Reinhold leo?"

"Siwezi."

"Reinhold anaweza kuja hapa?"

"Hawezi."

"Una kibali chako cha Krismasi, cha siku moja. Mwakani utakuwa nacho?"

"Inategemea wakubwa."

"Wakubwa wakinuniana?"

Nikapanga upya vijiko mezani.

"Nikihamia kwako," akasema, "nakuwa mtu wa huku kama wewe. Nitangoja kibali kama wewe. Nikibaki kule, kila mwaka wiki nne nakuja kwako kwa haki yangu, hata wakinuniana hadi meno yawatoke. Katika ukoo huu wote, nani anaweza kuvuka?"

"Wewe, Baba."

"Basi mpitishie keki huyo anayeweza."

Nikampitishia. Nilikuwa nimefikiri vita hii ni kati yangu na Reinhold, kumbe mzee alikuwa anapiga hesabu tangu siku ya kwanza namna ya kutokupoteza hata mmoja wetu.

Karatasi zote mbili hakuzitia sahihi. Hakuzichana pia, karatasi nzuri mno, alisema. Alizikunjua mezani, akaweka kiganja changu juu, akakizungushia penseli, akakata kiolezo cha glavu. Nikamuuliza kama atampima na Reinhold. Akasema hana haja, mikono yetu ni saizi moja, alikuwa akitupiga kwa fimbo moja.

Alirudi Jumapili iliyopita. Kituoni alikuwa amevaa koti langu la sufu, kofia ya Reinhold, meno yangu, viatu vya Reinhold. Askari wao akamtazama, akauliza, "Mzee, una cha kutangaza?" Baba akamwambia, "Wana wawili, wakaidi." Akaruhusiwa. Televisheni haikuruhusiwa, imebaki chumba cha uani pamoja na blanketi la umeme, vinamngoja Novemba ijayo. Mara hii nililia kweli, hakukuwa na vumbi la kusingizia.

Jana ilikuja kadi kutoka Köpenick. Mwandiko wa Reinhold. Nakunakilia yote: "Alwin. Amefika. Amekula. Tumemhamisha chini jana, joto linafanya kazi. Anasema soseji zako ni nzuri kuliko za huku, lakini usivimbe kichwa. Tarehe 26 sikuomba zamu. Reini." Shangazi, Reini! Hajajiita hivyo kwangu tangu tuvae kaptula. Nimeisoma mara kumi. Mara ya kumi na moja nimewasomea wateja.

Kwa hiyo tarehe ishirini na sita mimi na Edeltraut tunavuka na vibali vyetu, bata mzinga ni wa Reinhold na viazi ni vyangu. Baba ametoa amri moja kwa nyumba nzima. Atakayetaja Marekani au Urusi mezani ataosha vyombo vyote. Edeltraut anasema nitakuwa jikoni kabla supu haijapoa. Reinhold naye, mke wake ameandika, anafanya mazoezi ya kuongea habari za hali ya hewa. Mimi sifanyi mazoezi. Mimi nimenunua aproni mbili.

Basi msalimie Mjomba Leopold na mguu wake wa gauti, binti yako Adelheid na mapacha wake, na padri pia, mwambie avumilie. Edeltraut anakukumbatia. Baba anasema utume kahawa nyingine, ila sasa ugawe nusu kwa nusu, kifurushi kimoja kwangu, kimoja Köpenick, asije mmoja wetu akajiona ndiye aliyependelewa.

Mungu akutunze wewe na goti lako, akujaalie Krismasi ya baridi kidogo, na akuzidishie miaka mpaka siku sisi sote tutakapokaa meza moja bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda kwa makelele,

Alwin Pagel