Aliyeandika Ombi la Mihadhara

Nkuhungu, Dodoma

Kwa dada yangu mpendwa Eliza,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba kadi hii itakukuta u mzima. Mimi ni mzima wa mwili, ijapokuwa vumbi limenikausha midomo, na hata mlenda wa mwenyeji wangu, mboga itelezayo yenyewe, haupiti kooni.

Leo nilimkabidhi afisa wa ufadhili ombi letu sisi wahudhuriaji, la kufadhili ile mihadhara ya chuo kikuu kuhusu wanawake Weusi na haki katika jamii. Alilisoma lote, akalisifu.

"Kiswahili safi! Nani kakuandikia, mama?"

"Nimeliandika mwenyewe, mheshimiwa."

Akaitazama kazi yangu niliyoitaja chini ya ombi, akacheka. "Wewe, fundi cherehani? Mlete huyo bwana aliyeandika, tuzungumze naye."

Niliomba kalamu, nikaiandika aya ya kwanza mbele ya macho yake, bila kukosea hata nukta.

"Umekariri," akasema, akanirudishia ombi.

Pasipo ufadhili huo mihadhara itafungwa mwezi huu, nami sijui mlango mwingine wa kupiga hodi. Nisalimie watoto, uwakumbatie kwa niaba yangu. Mwandiko huu, dada, najua wewe hutauliza ni wa nani.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Tabitha